Programu ya ankara iliyonifanya nionekane nadai dola moja

Napikia nyumbani, hapa Lubumbashi, Kongo, upande wa Bel-Air: bukari (ugali), sombe (kisamvu), kuku, samaki wa kukaanga, kwa ofisi zenye mikutano na semina. Ofisi hailipi kwa mkono kama jirani. Inataka fakitire, yaani ankara, tena safi, ndipo mhasibu aipitishe. Ndiyo maana nikapakua hii programu ya kutengeneza ankara kwenye simu.

Mwanzo niliipenda, sikatai. Nembo ya sufuria ilikaa vizuri juu kushoto, majina ya wateja yanajijaza yenyewe, namba za fakitire zinafuatana bila kurukana. Mteja mmoja nilimtumia kwa WhatsApp akanijibu, "Mama, sasa mumekuwa kampuni." Nilifurahi siku nzima.

Halafu ikaja kazi ya semina kubwa. Dola elfu moja mia mbili na hamsini, na sehemu kubwa ya vitu nilikuwa nimechukua kwa deni: unga, mafuta, kuku. Programu ikaandika $1,250. Sasa sisi huku tunaandika namba kinyume na Wamarekani: koma ni ya senti, nukta ndiyo ya elfu. Lugha nilikuwa nimeweka Kifaransa. Maneno yote yakageuka, namba zikabaki za Kimarekani. Mhasibu akaishika karatasi, akaweka kidole juu ya koma, akasema mbele ya watu waliopanga foleni: "Mama, hapa unadai dola moja na senti ishirini na tano. Nikulipe?" Wakacheka. Watu wale wale waliokula chakula changu.

Hakuishia hapo. Macho yakashuka chini kutafuta kiasi kwa maneno, ile « Nous disons dollars américains mille deux cent cinquante » (tunasema dola za Kimarekani elfu moja mia mbili na hamsini) ambayo wahasibu wa huku hawalipi bila kuiona, pamoja na sahihi na kashe, yaani muhuri. Haipo. Programu haina mahali pake. Kuna kisanduku cha maelezo, lakini sentensi ikiwa ndefu inakatwa katikati. Namba ya mlipa kodi wamekupa nafasi moja tu, wakati mimi naulizwa RCCM (ya usajili wa biashara), Id. Nat. (ya utambulisho wa taifa) na NIF (ya kodi), zote tatu. Tena inachapa mstari wa kodi 0% hata ukiuzima. Katika nchi ambayo TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, mhasibu akiona hiyo sifuri lazima akuulize nani amekusamehe.

Karatasi nikarudishiwa. Malipo yakasogezwa, na muuza kuku wa soko ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, akawa ananipigia kila asubuhi, naye ana haki yake.

Nikawaandikia wenye programu. Nikapiga picha ya fakitire, koma nikaizungushia duara jekundu. Wakajibu: asante kwa kutuchagua, jaribu toleo la kulipia. Nikauliza: kwenye toleo la kulipia, koma inabadilika? Wakanitumia bei. Nikauliza tena swali lile lile, wakanyamaza. Hapo ndipo nilipowaka kweli. Mtu anakuonyesha kinachomnyima hela yake, wewe unamuuzia kitu kingine!

Nikaenda mjini kununua kitabu cha fakitire chenye kaboni, nikaandika kwa biki, kiasi kwa namba na kwa maneno, nikapiga kashe. Mhasibu yule yule akaipitisha bila neno.

Nilitaka kuwaambia muifute tu. Lakini kwa profoma, karatasi ya bei kabla ya kazi, bado naitumia, kwa sababu mteja akiomba bei usiku, ananiona nimejibu hapo hapo na karatasi inapendeza. Bei ikiwa chini ya dola elfu, hiyo koma haitokei. Haya, na franka je? Bei ya franka 350.000 inatoka 350,000, na mteja amenipigia akiuliza kama kweli nitamlisha kwa franka mia tatu na hamsini. Basi hata profoma, ni za dola tu, tena ndogo. Sijui kama hiyo bado inaitwa kusaidia.

Nilikuwa nimewapa nyota nne. Nimeacha moja. Wakirekebisha koma na wakiweka mahali pa kuandika kiasi kwa maneno, nitazirudisha zote.