Rangi ya kopo au bunduki ya kupulizia kwa gari la modeli?
Kwa anayejenga gari la plastiki la kipimo cha 1:24 (dogo mara 24 kuliko gari halisi), kopo la kupuliza, kama lile la TS la kampuni ya modeli ya Tamiya, lenye mililita 100, ni nafuu mwanzoni na halina cha kuosha. Hata hivyo, hutoa rangi nyingi kwa mkupuo, na mifereji myembamba ya milango huzibika upesi; ndiyo maana mimi hulitia kwanza katika maji ya vuguvugu, ili rangi itoke laini zaidi. Bunduki ndogo hudai kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa, na sindano yake isafishwe kila rangi inapobadilishwa, kazi inayochosha kweli, lakini hupaka tabaka jembamba na hukuruhusu kuchanganya rangi uitakayo. Anayemaliza magari mawili kwa mwaka atatoshelezwa na kopo. Anayejenga kila mwezi atafaidi bunduki.