Chanta ya plastiki mikononi mwa mtoto wa Kilwa

Chanta yangu ya kwanza, yaani mrija wa kupigia wimbo wa zumari ya Kiairishi, inaning'inia kwenye msumari sebuleni, karibu na kalenda. Niliinunua mtandaoni pamoja na mfuko na mvukuto wake, vyote kwa yuro 140. Muuzaji aliandika kwamba ni seti ya mwanafunzi, mti mgumu, iko tayari kupigwa. Nikaifunga, nikaanza kupiga mvukuto kwa kiwiko, ikatoa sauti moja ya bata aliyekabwa koo, halafu kimya. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kama nimeanguka.

Kwa ambaye hajaiona: zumari ya Kiairishi haipulizwi kwa mdomo kama ile ya Waskoti. Jina lake, uilleann, linatokana na neno la Kiairishi la kiwiko. Mvukuto unakaa chini ya kiwiko cha kulia, mfuko wa hewa chini ya mkono wa kushoto, na chanta, yaani ule mrija wenye matundu unaotoa wimbo wenyewe, unasimama juu ya paja. Ukiziba matundu yote na kuigandamiza kwenye paja, inanyamaza kabisa. Waliokulia Lamu au Mombasa wataielewa haraka, maana ni ndugu wa zumari ya kwetu: vipande viwili vya tete vimefungwa pamoja, hewa ikipita vinatetema. Tofauti ni kwamba mpiga zumari wa pwani huficha tete mdomoni mpaka mashavu yakavimba, na hapa tete limefichwa ndani ya kichwa cha chanta. Mate hayaligusi kamwe.

Ninaishi Dublin, naendesha basi, na najifunza chombo hiki mwaka wa tatu sasa. Waairishi husema mpiga zumari huhitaji miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga. Kwa hesabu hiyo mimi ni wa chekechea, na haya niliyoandika yasomeni hivyo.

Mwalimu wangu ni mzee aliyestaafu useremala. Nilimpelekea ile ya yuro 140 nikiwa na matumaini kwamba tatizo ni mimi. Akachomoa tete, akalibana kwa kucha, halikunyumbuka hata kidogo. Akaielekeza chanta dirishani na kuchungulia ndani. Tundu la ndani linatakiwa kupanuka polepole kuelekea chini, kwa vipimo ambavyo mafundi huvihesabu kwa sehemu za milimita. La kwangu lilikuwa limenyooka kama bomba la maji. Akanirudishia kwa adabu, akasema, "Itapendeza ukutani." Ndipo ilipo.

Siku hiyo hiyo alinifundisha kitu ambacho laiti ningekijua mapema, yaani jinsi ya kupima chanta kabla ya kutoa pesa. Anza na D ya chini, noti nzito kuliko zote, matundu yote yamezibwa na chanta imeinuliwa pajani. Inatakiwa itoke nene na yenye kishindo, siyo kukoroma. Kisha panda oktavu ya pili, yaani noti zile zile kwa sauti ya juu zaidi. Chanta hii ina oktavu mbili, na ya pili hupatikana kwa kuongeza mgandamizo wa mfuko, kwa hiyo kama unalazimika kuukaba mfuko kama unakamua nguo, iache. Ila kipimo kikubwa ni D ya juu, ile inayotoka kwenye tundu la kidole gumba, nyuma. Ishike hiyo noti, halafu ongeza mgandamizo taratibu huku ukitazama programu ya kupima noti kwenye simu. Chanta mbovu, au nzuri yenye tete bovu, noti hiyo inazama: unasukuma zaidi, yenyewe inashuka. Niliwahi kujaribu chanta moja ya mtumba, mti mzuri, pete za fedha, inang'aa kama sahani ya harusi, D ikazama hata kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Muuzaji akasema ni hali ya hewa. Nikamshukuru nikaondoka.

Mwaka wa kwanza sikununua kitu tena. Nilijiunga na Na Píobairí Uilleann, chama cha wapiga zumari kilichoanzishwa 1968, nyumba namba 15 mtaa wa Henrietta hapa Dublin. Wana utaratibu wa kuwakodisha wanachama seti za kujifunzia. Kama unaweza kuipata nafasi hiyo, ichukue kabla ya kufikiria kununua. Seti ya kukodi inakufundisha masikio, na masikio ndiyo yatakayokuokoa dukani.

Baada ya hapo ndipo nikafika kwenye swali la mti. Chanta nyingi za bei ya juu ni za mpingo. Mimi ni mtoto wa Kilwa, nimecheza juu ya magogo ya mpingo. Vijiji vya wilaya yetu vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, mwaka 2009 kwa misitu yao ya mpingo, na mti ule ule unasafiri hadi huku kukerezwa. Unaelewa basi jinsi nilivyojisikia fundi aliponishauri nichukue ya Delrin, plastiki ngumu nyeusi. Nilimpigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Eti nasikia umekwenda Ulaya kununua plastiki?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Sasa ninalo. Wimbo unatoka kwenye umbo la tundu la ndani na kwenye tete; ganda la nje lina sehemu ndogo kuliko tunavyopenda kuamini. Fundi mzuri akikereza Delrin kwa vipimo vile vile anavyotumia kwenye mpingo, msikilizaji wa kawaida hatofautishi, na mimi nikifumba macho sitofautishi. Halafu mti unahitaji kutunzwa. Nyumba za huku zina joto la mitambo wakati wa baridi, hewa inakauka, na mti unaweza kupasuka. Plastiki haina habari. Mtu wa Muscat au Nairobi anayefikiria kuanza angezingatia hilo hata zaidi yangu.

Nililipa yuro 520 kwa fundi wa magharibi ya Ireland, tete likiwa ndani ya bei, nikasubiri miezi saba. Mafundi wazuri wana foleni, na asiye na foleni muulize kwa nini. Nimeipiga miezi 14. Imekaa kwenye A ya hezi 440, kipimo ambacho wapigaji wengi hulinganishia vyombo vyao, bila kugombana, D ya juu haizami, oktavu ya pili inapanda kama ngazi. Kasoro: vidole vikitoa jasho inateleza, na siku ya kwanza iliniponyoka ikaniangukia kwenye kiatu. Noti ya E ilikuwa juu kidogo; mwalimu akaweka kipande chembamba cha selotepu kwenye ukingo wa tundu, ikatulia. Mafundi hutumia pia nta, au huingiza waya mwembamba wa shaba ndani ya tundu refu kurekebisha sauti. Usitishwe na selotepu kwenye chanta ya mtumba. Tishwa na tundu lililopanuliwa kwa kisu.

Tete ndilo lililonitoa jasho zaidi. La kwanza lilichoka baada ya miezi tisa, na niliyekuwa najiona fundi nikalikaza ule mkanda wake mdogo wa shaba kwa koleo. Likafa papo hapo. Jipya ni yuro 80. Kwa hiyo ukipanga bajeti, weka tete la pili ndani yake tangu mwanzo, na lichukue kwa mtu anayeishi kwenye hewa kama yako. Matete yaliyotengenezwa kwenye unyevu wa Ireland mara nyingi hugoma yakifika penye ukavu.

Kuhusu sauti, chukua chanta ya D, ambayo noti yake ya chini kabisa ni D. Kuna chanta za C na za B, tamu kweli, lakini huwezi kukaa na wenzako wa fidla na filimbi kwenye baa, maana wote wako D. Na mwombe fundi aache vinundu vya kuwekea vitufe vya noti za ziada hata kama hununui vitufe leo. Mimi niliomba, haikuongeza bei. Droni, mirija inayovuma noti moja bila kukoma (siyo zile za kupigia picha za harusi), na regyuleta, mirija yenye vitufe vya kusindikizia wimbo, zitakuja baadaye, zinachomekwa kwenye mfuko ule ule.

Mwezi uliopita kijana wa jirani aliiona ile ya ukutani, akauliza naiuza bei gani. Nikamwambia hiyo haiuzwi, nikamwandikia kwenye karatasi: Henrietta Street, namba 15.