Pinda daan Gaya: huduma ya mapandita wa Vishnupad

Kama ww ni Mhindu wa huku kwetu Mombasa au Dar na unawaza kwenda Gaya, Bihar, kuwafanyia wazee waliotangulia pinda daan, yaani ibada ya kuwatolea mabonge ya unga, nenda tu. Mi nilienda na mama kwa ajili ya marehemu baba na nashukuru sana. Pandita wetu (kuhani anayeongoza ibada) ni Gayawal, ukoo wa makuhani wa hapo Gaya, hii kazi wanarithishana ukoo kwa ukoo, wana madaftari ya zamani ya majina ya familia, unamtajia kijiji cha Gujarat walikotoka babu zako anaanza kupekua, alivyosoma jina la babu yake baba, mama akalia palepale. Mapinda, yale mabonge, unayafinyanga mwenyewe, unga wa shayiri, ufuta mweusi, asali, samli, anakuelekeza polepole na hakukimbizi, mnaanzia mto Phalgu mnaenda hekalu la Vishnupad kwenye unyayo wa mungu Vishnu, mnamalizia kwenye mti wa Akshayavat. Mto zamani ulikua mchanga mtupu mpaka uchimbe, ila tangu 2022 kuna bwawa lenye ukuta wa mpira unaozuia maji so maji yapo.

Kilichoniuma ni hela. Bei tulishakubaliana, lakini kila kituo pandita anaomba dakshina (sadaka ya kuhani) tena, mbele ya mama mwenye majonzi, hapana jamani hiyo sio sawa! Kubalianeni jumla yote kabla hamjakaa chini.

Alafu Pitru Paksha, zile siku 16 za kuwakumbuka wahenga, mwezi wa tisa hivi, msongamano ni balaa, mzee mwenye magoti mabovu mpeleke kipindi kingine, ibada zipo mwaka mzima.