Nokia 105 ya 2023: kitochi kwa mwenye kazi ya kutulia

Anayehifadhi juzuu, anayeandika tasnifu au anayechonga nakshi za mlango hasumbuliwi sana na simu za kupigiwa. Zinazomla muda ni grupu la harusi, grupu la mtaa na video zisizokwisha. Kwa mtu huyo kitochi hiki, yaani simu ndogo ya vitufe, kinafaa, kwa sharti moja: simu kubwa isiuzwe, ibaki nyumbani.

Laini ihamie kwenye kitochi, simu kubwa itumie waifai. WhatsApp itaendelea bila laini kuwemo, maadamu namba haijasajiliwa kwenye simu nyengine. Ukiiunganisha na kompyuta ya kazini, fungua simu kubwa angalau mara moja kila siku 14, la sivyo kompyuta itatolewa kwenye WhatsApp.

Kwenye laini ndipo watu wanapokwama. Laini za siku hizi zimekatwa ndogo, na kitochi kinataka ile kubwa ya zamani, kwa hiyo utahitaji fremu ya plastiki. Usiingize fremu tupu: vijino vya ndani hunasa kwenye uwazi wake, ukiivuta vinavunjika. Ishikize laini kwa selotepu nyembamba upande usio na shaba.

Majina yaliyohifadhiwa Google hayaifuati laini. Yanakili kwanza kwenye laini, ambayo kwa kawaida hubeba 250, na majina marefu hukatwa: “Fundi Juma Mabomba” anageuka “Fundi Juma Mab”. Kisha yahamishie kwenye kitochi, chenye nafasi ya 2,000.

Pesa hazina tabu. *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money zinafanya kazi kama kawaida. Tatizo ni meseji: nafasi ni 500 tu, na za miamala hujaa upesi. Zikijaa, namba ya kuthibitisha ya benki haitoingia, nawe umesimama dirishani. Zifute mapema.

Betri ni ya mAh 1,000, inakaa siku kadhaa, ila haichajiwi kwa waya wa Taipu-C. Inavumilia manyunyu, si kuzama. Redio inapiga bila hedifoni. Mchezo wa nyoka umo pia, kwa hiyo mtoro wa kazi hakosi pa kukimbilia.

Hakuna programu ya adhana. Tegesha alamu ukifuata kalenda ya karatasi. Kwa itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, hatuoni simu bora: unawauliza hali wa nyumbani, basi. Dereva anayefuata ramani, au muuza nguo anayepokea oda kwa picha, asijitie tabuni.

Ukinunua sokoni Darajani, Unguja, kabla ya kulipa piga *#06#, kisha tuma namba itakayotokea kwenda 15090. Jibu litataja aina ya simu. Lisipolingana na iliyo mkononi, irejeshe. Simu feki zilizimwa mitandaoni tangu Juni 2016, na rangi ya boksi haikwambii kitu.