Skrini ya fosfori na skana ya Typhoon: uzoefu wangu baada ya kuachana na filamu

Kama kazi yako ni kupima P-32 (fosforasi yenye mionzi, ya kuwekea sampuli alama) kwenye jeli ya kutenganishia molekuli na bado unalaza filamu za eksirei kwenye friza ya nyuzi -80, hamia skrini ya fosfori. Mimi ni mtu wa RNA, natumia skana ya Typhoon ya idara, na chumba cha giza sitaki hata kukisikia.

Skrini yenyewe ni bamba jeupe lililopakwa fuwele za bariamu, florini na bromini zilizotiwa yuropiamu kidogo. Mionzi ikiipiga, nishati hunaswa humo. Kwenye skana, leza nyekundu huifungulia, ikatoka kama mwanga wa buluu, na mashine ikaupima nukta kwa nukta. Hapo ndipo filamu inapoachwa mbali. Bendi (mstari wa sampuli kwenye jeli) ikishakuwa nyeusi tii kwenye filamu, ongeza sampuli utakavyo, weusi ni uleule. Skrini husoma bendi hafifu na nzito kwenye picha moja, hata zikipishana mara 100,000. Na bendi iliyokuwa ikingoja filamu usiku kucha, naiona baada ya saa moja au mbili.

Ila inataka matunzo. Kausha jeli, au ifunge vizuri kwa nailoni, maana unyevu huharibu skrini. Ifute kwa taa nyeupe kabla ya kuitumia, hata kama aliyekutangulia ameapa ameshaifuta (kwetu kila mtu huapa). Ikikaa kabatini siku nyingi hujikusanyia mionzi ya mazingira, ukaletewa picha yenye ukungu. Ukiitoa kwenye kaseti (kasha la giza inamolazwa na jeli) usipige soga: mwanga wa chumba unaifuta.

Tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) ni habari nyingine. Chembe zake za beta ni dhaifu mno, hazipenyi hata nailoni, kwa hiyo skrini yake haina tabaka la kinga na sampuli huigusa moja kwa moja. Ikichafuka, basi tena. Kwa kazi ya mara mojamoja nisingeinunua.

Halafu angalia faili za .gel ambazo skana hutoa: huhifadhi kipeuo cha pili cha thamani, si thamani yenyewe. Ukizipima kwenye programu ya ImageJ bila kuzirudisha kwanza kwenye thamani halisi, bendi iliyozidi mwenzake mara 100 itasomeka mara 10. Programu ya ImageQuant hulishughulikia hilo yenyewe.

Filamu nimeibakizia kazi moja tu, kukata bendi. Unailaza chini ya jeli, unaona pa kupitisha wembe.