TAHADHARI: Fundi wa tovuti anayepita studio za wapiga picha Dar

Wapiga picha wenzangu, kuna kijana anapita studio kwa studio hapa Dar akijiita mbunifu wa tovuti za picha. Kanipiga 900,000, na picha za wateja wangu kaondoka nazo.

Msianze na "dada, na uzoefu wote huo?" Ngojeni niwaambie alivyokuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba albamu ya harusi niliyopiga Bagamoyo, akaifunua taratibu kama mtu anayesoma barua. Akasema, "Dada, hii ya bibi harusi na mamake iwe ya kwanza, peke yake, bila maandishi. Hizi za ukumbini toa mbili, zote zinasema kitu kimoja." Jamani, na kweli zilikuwa zinasema kitu kimoja! Mume wangu hajawahi kuliona hilo. Akafungua kompyuta akanionyesha "kazi" zake: bibi harusi kwenye shamba la mizabibu, picha imejaa kioo kizima, ukigusa inateleza. Akaeleza anavyopunguza uzito wa picha ili mteja mwenye bando dogo asisubiri. Mtu anajua kupanga picha, anamjali mpaka mwenye bando dogo, utamshuku kwa lipi? Nikamtumia 450,000 pale pale kwa simu, na flashi ya picha kubwa nikamkabidhi.

Tovuti ikaja, tena nzuri. Nikamalizia nusu iliyobaki siku hiyo hiyo.

Sasa niko Zanzibar mbele ya meneja wa hoteli, kwa mkataba niliouhangaikia sana. Namwambia aandike jina la tovuti ajionee. Akaandika. Ukurasa mweupe: akaunti imesimamishwa. Akanitazama, akanirudishia kadi yangu ya biashara. Kadi niliyochapisha upya kwa ajili ya tovuti hiyo hiyo!

Kumpigia yule fundi, ananijibu domeini, yaani jina la tovuti, ni yake, nimpe 600,000 "ya uhamisho". Kutafuta kwenye kumbukumbu za usajili wa domeini za .tz, kweli: ile .co.tz yenye jina la studio yangu imeandikishwa kwa jina lake. Muundo wenyewe ni wa bure wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na yule bibi harusi wa mizabibu ni picha ya mfano inayokuja nao. Kilichonimaliza ni mwenzetu mmoja kunitumia picha yangu ya Bagamoyo, imekaa kwenye ukurasa wa "mteja" wake mwingine. Nimwambie nini yule mama wa bibi harusi?

Dalili zake ni hizi. Atataka domeini aandikishe yeye "kukuondolea usumbufu". Neno la siri hakupi, kila siku "nikimaliza". Ukimwomba namba ya mpiga picha aliyemfanyia kazi, anabadilisha mada. Na picha kubwa msitoe, mpeni ndogo zenye alama yenu.

Ila mimi shida yangu ni moja, huyu afungwe. RB polisi nimeshafungua, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Wakitaka wamtembeze kwanza Kariakoo nzima na hiyo kompyuta kichwani, mchana, bila maji. Wateja wangu wote waje wamtazame.

Kama yuko studio kwako sasa hivi, mpe soda, mwambie bosi anakuja na hela, halafu nipigie.