Steshenari ya karibu na stendi kuu Moshi, kazi safi ila foleni

Jamani mwenye ripoti ya chuo ya kuprinti aende pale, dada wa pale hana maneno. Yangu ilikuwa utafiti wa ujasiriamali wa watu wa LGBTQ huko Marekani, na sehemu nyingine jamaa alisoma kichwa akaanza kunihoji kama mjumbe wa nyumba kumi, ila huyu kaniuliza tu "ya rangi au nyeusi?" basi.

Wakati anabaindi akawa anachungulia ile sehemu ya NGLCC, chemba yao ya biashara iliyoanza 2002, kwamba ili upate cheti chao angalau asilimia 51 ya biashara iwe ya mtu wa LGBTQ, halafu makampuni makubwa yanatafuta wasambazaji humo. Akasema "aah, kumbe kama zile tenda za serikali za vijana na akina mama". Nikacheka, maana kanifupishia sura ya pili yote niliyoihangaikia wiki tatu!

Kurasa nyeusi mia mia, wino haupaki. Ubaya ni ile spairo yao laini sana, yangu imeshakatika meno mawili, na mchana foleni mpaka nje, wahini asubuhi.